Ng'ombe tisa, punda watatu: kutoka Taru kushuka Mombasa

Jumamosi

Nimetoka Mikindani saa moja asubuhi na begi moja, buti za mume wangu nilizozivalia soksi mbili mbili ndipo zikanikaa, na mwavuli. Huo mwavuli kaka yangu aliucheka kabla hata sijashuka kwenye pikipiki. Kazini nimeomba likizo ya siku nane. Mimi naweka hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na nilipomwambia mkubwa wangu kwamba naenda kuswaga ng'ombe, alicheka, akangoja nimalizie mzaha. Sikuwa na cha kumalizia.

Kila mwaka, kabla ya Idi Kubwa, Baba huteremsha mafahali Mombasa. Amefanya hivyo tangu niko darasa la pili. Mwaka huu nyonga imemgomea, na kaka yangu, ambaye ng'ombe anawajua hata kwa kikohozi, ana ila moja: hajui kukataa bei. Dalali akimwita "mzee wangu" mara mbili, fahali kashauzwa. Ndiyo nikapigiwa simu mimi.

Tulivyopita Mariakani minazi ikakwisha, ikaanza miiba. Ramani za zamani zimeiita nyika hii jangwa, Jangwa la Taru, lakini ukija mvua za mwaka zikiwa zimeshika utauliza hilo jangwa limehamia wapi. Nyasi zafika magotini, malambo yamejaa, na udongo mwekundu unang'ang'ania gurudumu kama mtoto asiyetaka kuachwa. Kutoka barabara kuu hadi bomani kwetu ni kilomita 11. Pikipiki imetuangusha mara mbili. Lori alilolikodi Baba lilikwama Jumatano iliyopita, likavutwa kwa trekta, likarudi lilikotoka. Kwa hiyo mafahali watakwenda hadi Mariakani kwa miguu yao, na yetu.

Nimemkuta Baba chini ya mkwaju, mguu ameunyoosha juu ya gogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda, ama ni hizo buti?"

Jumapili

Leo ilikuwa siku ya kuchagua. Zizini wako 34. Kabla ya ukame ule mkubwa walikuwa 41, na ulipokwisha tulihesabu 17. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020. Hawa waliopo wengi ni watoto wa fahali mmoja ambaye Baba alimfuata mwenyewe upande wa Tana, wa mbegu ya Boran inayofugwa na Waorma, mwekundu, nundu kama kibuyu. Baba humsifu kama mkwe. Na si sifa za bure, maana katika miaka ya 1980 watafiti waliwaweka Boran wa Waorma pamoja na Boran wengine kwenye ranchi ya Galana, wakaona hawa wa Waorma wanastahimili zaidi nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Waorma walikuwa wanalijua hilo zamani, sema wao hawakuandika ripoti.

Tukawapulizia dawa ya kupe asubuhi kabla jua halijakaza. Kazi ya kupuliza si kumlowesha ng'ombe mgongo tu, kama nilivyokuwa nafanya nikakemewa. Kupe wa ndigana hupenda ndani ya sikio, kwa hiyo mmoja ashike pembe, mwingine akunje sikio, na mdomo wa bomba la kupulizia uelekezwe pale pale. Ndigana hii Wazungu wameipa jina la pwani yetu, homa ya Pwani ya Mashariki, kwa sababu iliwazukia huko kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya kushusha ng'ombe waliotoka huku kwa meli. Tumewahi kuuza nje vitu vya sifa zaidi.

Baba alinyooshea fimbo wale tisa mmoja mmoja. Kwanza meno. Fahali wa kuchinjwa Idi awe ametimiza miaka miwili, na ushahidi wa umri uko mdomoni, yale meno mawili makubwa ya mbele yawe yameota. Wa pili kuchaguliwa alikuwa Jivu, na huyo nimwandike vizuri kwa sababu ya yatakayokuja. Ni wa kijivu mpaka kope, shingo nene, mpole kiasi kwamba mtoto wa kaka yangu humkuna tumboni akiwa amelala. Baba alisema huyu peke yake atalipa karo ya muhula.

Mchana nikaliomba daftari. Ni lile lenye picha ya kasuku, kona zimeliwa na mchwa. Kila ng'ombe ana ukurasa wake: jina, mama, tarehe aliyopandwa, tarehe aliyozaa, alichougua. Baba huhesabu miezi tisa na siku chache, na ni nadra kukosea kwa zaidi ya wiki. Nikatafuta ukurasa wa punda. Sikuuona. Mwishowe nikaukuta mstari mmoja ndani ya jalada la nyuma, chini ya neno VYOMBO: karai 2, mitungi 14, panga 3, punda 5.

Nikamwonyesha. Akaangalia, akarudisha daftari. "Ukimwandika punda kwenye ukurasa wa ng'ombe, ng'ombe watanuna."

Sasa Baba si mtu wa kudharau punda. Ndiyo maana mstari ule uliniudhi. Huyu ni mtu aliyesomea kazi hii kwa farasi. Ujanani alikuwa saisi katika ranchi moja ya Laikipia, huko juu kwenye baridi, walikozalisha farasi wa kazi. Hawakuwa farasi wa mashindano. Walikuwa wa kuzungukia ng'ombe, wa kukata kona kichakani na kusimama wima ukivuta hatamu kidogo tu. Huko ndiko alikojifunza kwamba jike hurudi kwenye joto karibu kila siku 21, kwamba hubeba mimba miezi 11, na kwamba akikaribia kuzaa hungoja usiku, watu wote walale. Alikesha zizini na taa ya chemli mara nyingi hata akajua kuisoma chuchu. Ikitoka kitu cha njano kama nta nchani, basi usivue viatu. Mtoto husimama kabla saa moja haijaisha. Baba alikuwa akitusimulia hayo usiku, nasi tukilala tukiota farasi.

Mwaka 1991 akarudi nyumbani na tandiko la ngozi, na farasi mmoja dume, aliyepewa kuwa nusu ya mshahara wake wa miaka. Jina lake Sultani. Watu walitoka Samburu, hii ya huku Kwale, na Kinango kuja kumtazama. Baba alitaka kumpandisha punda jike apate baghala, nyumbu wa kubeba mizigo, wa kuuza Mombasa. Sultani alikaa wiki tano. Mvua ziliponyesha alianza kupumua kwa shida, macho yakavimba, na siku ya pili mapovu meupe yakamtoka puani kama sabuni. Akafa amesimama, asema Baba, ingawa mama alisema ameanguka.

Miaka mingi Baba alilaumu mbung'o. Daktari wa mifugo mmoja ndiye aliyekuja kumweleza baadaye kwamba mbung'o huua farasi polepole, humkausha. Yale mapovu ni ugonjwa mwingine, tauni ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vya usiku. Punda na pundamilia huubeba wasiugue. Kwa hiyo huenda Sultani aliambukizwa kutoka kwa wale wale punda alioletewa kuoa.

Tandiko lipo hadi leo, linaning'inia ghalani. Kuku hutaga ndani yake.

Baada ya hapo Baba aliugeuzia punda ujuzi wote. Ana dume mmoja anayechaguliwa kwa miguu, si kwa ukubwa. Majike hawapandishwi wakiwa wakonde, na hakuna mnyama anayefungwa mkokoteni kabla ya miaka mitatu, hata mnunuzi alie. Punda hubeba mimba mwaka mzima. "Miezi 12 kungojea masikio mawili," husema.

Jumatatu

Tumetoka saa kumi na mbili na nusu, mara tu kulipopambazuka. Kibali cha kusafirisha mifugo kiko ndani ya mfuko wa plastiki kifuani mwa kaka. Tunakwenda mchana tu, usiku ng'ombe hawatembezwi. Tuko wanne: mimi, kaka, mtoto wa mjomba, na kijana wa Kiorma anayetuchungia.

Punda watatu walitangulia. Bi Shughuli alibeba shogi lenye sufuria, unga, mitungi miwili ya maji na mwavuli wangu. Huyu ni mzee, anarudi nyumbani na kaka. Nyuma yake Karai, dume wa miaka mitatu na nusu, aendaye kwa mnunuzi wake Samburu. Wa tatu ni jike mwenye mimba ya miezi saba, wa Mariakani. Mafahali walimfuata Bi Shughuli kama wanafunzi wamfuatavyo mwalimu wa zamu. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani ng'ombe huswagwa kutoka nyuma. Kumbe ukiwa na punda mzoefu mbele, aliye nyuma kazi yake ni kuokota wachelewaji tu.

Saa tatu hivi tukaingia kichaka kinene na mbung'o wakatujia. Waliniandama mimi. Kaka amevaa khaki, hakuna hata mmoja. Kijana wa Kiorma kifua wazi, wawili watatu. Mimi walinikaa mabegani, shingoni, wanachoma kupitia nguo kama sindano ya hospitali. Nikapiga, nikakimbia, nikapiga. Saa nzima ilipita ndipo kaka akauliza kwa upole, "Dada, hiyo leso yako ni rangi gani?"

Buluu. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Nilikuwa mtego unaotembea, na ndugu yangu alikuwa anafurahia onyesho.

Shemeji yetu wa Kubo, kando ya Shimba Hills, aliwahi kuwavisha ng'ombe wake kola za watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Kola ile hutoa harufu iliyoigizwa ya kuro, yule swala mkubwa mwenye alama nyeupe matakoni, ambaye mbung'o humkwepa hata akiwa na njaa. Shemeji anasema kola zilinuka kama mbuzi dume aliyelowa, ila ng'ombe wake walinona na aliweza kulima nao. Leo ningeivaa mwenyewe.

Ukiipita nyika hii kwa miguu ndipo unapoelewa kwa nini misafara ya zamani ilibebwa na wapagazi. Haikuwa kwamba watu wa pwani hawakujua punda. Mnyama wa mizigo alikuwa akifa njiani, ama kwa kiu ama kwa mbung'o. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, punda, nyumbu na maksai walioletwa kubeba vifaa nao walikufa kwa wingi hapa hapa. Bi Shughuli yeye alikuwa anatafuna kichaka cha miiba, masikio yamelala upande. Punda anastahimili kuliko farasi, lakini si kwamba hapatwi. Baba huwachoma dawa, na dozi hupimwa na daktari, maana dawa ya nagana ya ng'ombe ukimkadiria punda kwa macho unaweza kumuua wewe kabla ya mbung'o.

Tumelala kwa mjomba, nje kidogo ya Taru. Sima, mchunga, maziwa lala. Miguu yangu sitaki kuizungumzia.

Jumanne

Kosa la leo ni langu, naliandika kama lilivyo.

Kuvuka SGR, ile reli mpya, ni lazima upite chini yake, kwenye mapito yaliyoachwa kwa ajili ya wanyama na watu, kwa sababu sehemu nyingine zote zina ua. Tulifika pitoni, kaka akasema tungoje, treni ya abiria iko karibu, anaujua muda wake. Mimi nikatazama saa, nikahesabu kilomita zilizobaki hadi Samburu, nikasema tuwapitishe sasa tusije tukakutwa na giza. Mtu wa hesabu.

Mafahali saba walikuwa wameshapita. Wawili walikuwa chini ya daraja hasa treni ilipoingia juu yetu. Sauti yake pale chini haifanani na unayoisikia ukiwa ndani umeketi na chai yako. Ni kama ngurumo iliyokosa kukoma. Mmoja alitimka mbele. Jivu aligeuka nyuma, akapanda ukingo wa kokoto, akateleza, akashuka na goti moja. Aliposimama mguu wa mbele wa kulia haukuwa ukikanyaga.

Bi Shughuli hakusogea hata hatua moja. Alisimama mlangoni mwa pito, mafahali wakarudi wakamzunguka, mmoja mmoja, wanahema.

Kaka hakunilaumu, jambo ambalo ni baya zaidi. Alichutama, akainua kwato, akachomoa kokoto yenye ncha iliyokuwa imejipenyeza katikati ya vidole. Damu kidogo. "Atatembea," akasema, "lakini Idi sijui."

Hadi Samburu tulikwenda mwendo wa Jivu. Tulifika na giza juu ya mabega, basi muda nilioutaka kuuokoa nikaulipa mara mbili.

Karai tumemkabidhi huko huko. Ameitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa safarini, kando ya msikiti wa Mackinnon Road, lilipo kaburi la Sayyid Baghali. Watu husimulia kwamba sharifu huyo alipokuwa akifanya kazi ya reli, karai lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mnunuzi ni kijana wa kusomba mawe na mchanga. Kabla ya kutoa hela alidai barua ya mzee wa kijiji kwamba punda si wa wizi. Nikafurahi. Kuna miaka watu hawakuuliza. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia 2016, ngozi zikawa zinatafutwa China kutengenezea dawa, na huku kwetu watu walianza kuamka asubuhi wakikuta kamba imekatwa. Jirani yetu aliwakuta wake wawili kichakani, wamechunwa, nyama imeachwa. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi kwa miaka 15. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 hivi Kenya. Ile ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Hapo nikakumbuka jalada la nyuma la daftari.

Karai hakutaka kuachana na mama Shughuli. Alilia ile sauti yao, ya kuvuta pumzi na kuitoa kama pampu iliyokauka, hadi tukalala.

Jumatano

Mvua. Hatukuenda popote. Samburu nzima ilinuka ng'ombe waliolowa na mahamri. Mwavuli umepata heshima yake.

Nikakaa barazani kwa mwenyeji wetu nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Wakati wa ukame lambo letu lilikauka, tukawa tunafuata maji mbali na mkokoteni, mitungi minane kila safari, safari moja kwa siku. Mwenye kuuza maji alikuwa akiuza mtungi shilingi 30. Mitungi minane ni shilingi 240. Kwa miezi saba, tuseme siku 210, ni 50,400. Hiyo ni thamani ya maji peke yake, bado kuni, bado mahindi ya msaada yaliyofuatwa barabarani, bado ndama wawili waliorudishwa nyumbani juu ya mkokoteni. Na hao ng'ombe 17 waliobaki walibaki kwa kunywa maji yaliyoletwa na nani?

Nimemtumia Baba kwa simu. Hajajibu.

Alhamisi

Samburu hadi Maji ya Chumvi, polepole. Jivu anakanyaga lakini kichwa kinainuka kila akiuweka ule mguu, na ng'ombe akiinua kichwa anapoweka mguu wa mbele ndipo panapouma. Jioni nikaomba maji ya moto, nikatia chumvi, nikamwosha kwato mwenyewe. Mwenye nyumba akaniambia hapa hata usingehitaji kutia chumvi, jina la mahali latosha. Jivu alinilaza kichwa begani. Kichwa cha fahali kina uzito wa gunia la nusu, na pumzi yake ni ya nyasi zilizochachuka.

Ijumaa

Mariakani. Kelele za malori yanayongojea mizani, mavumbi, honi. Nilikuwa nimesahau dunia ina watu wengi hivi.

Yule jike mwenye mimba amenunuliwa na mama mjane anayeuza maji mitaani. Baba alikuwa amenipa maagizo ya ajabu kwa mtu anayefanya biashara: nikague kwanza anakolala punda wake. Kama kuna kivuli na ardhi kavu, nipunguze elfu mbili. Kama hakuna, niongeze elfu tano, na akikubali bado nisimuuzie. Nilikwenda. Kivuli kipo, cha makuti, na hatamu zimezungushiwa vitambaa visimchubue. Nikapunguza elfu mbili, nikamwambia sababu, akacheka hadi akajifuta macho. Nikamwonya pia asimfunge mkokoteni miezi mitatu ya mwisho. Akanijibu kwamba yeye amezaa sita, hahitaji kuambiwa.

Kaka na Bi Shughuli wanageuza kesho.

Jumamosi

Lori lilipakia saa moja asubuhi, ng'ombe tisa, kichwa mkia, kichwa mkia, ili wasiumizane lori likiteremka Mazeras. Mimi mbele na dereva. Kutoka Miritini unaanza kusikia harufu ya bahari, nao pia waliisikia, walianza kulia mmoja baada ya mwingine. Kibarani, Makupa, kisiwani, daraja la Nyali, mpaka uwanja mmoja wa Kongowea ambako wafugaji hufikia msimu huu.

Wanunuzi wa Idi hawanunui kama bucha. Wanakuja watu saba kwa pamoja, maana ng'ombe mmoja hutosha watu saba, na kila mmoja ana jicho lake. Mmoja alifungua midomo kuhesabu meno. Mzee mwenye kofia ya kitambaa, fundi wa kweli, aliwaendesha mafahali wetu huku na huku, akasimama nyuma ya Jivu kimya.

"Huyu anachechemea."

"Ni kokoto, mzee. Siku nne tu. Inapona."

"Naiona, mwanangu. Lakini kiwete hachinjwi udhhiya. Kama angekuwa amepona leo ningemchukua wa kwanza."

Hakunipunja, alisema kweli. Chongo, kiwete, mgonjwa, na aliyekonda kupita kiasi hawafai, hilo nilifundishwa madrasani nikiwa na miaka minane.

Wanane waliondoka kabla ya alasiri, kwa wastani wa shilingi 72,000. Dalali mmoja alijaribu "dada yangu" mara nne. Jivu alichukuliwa na mwenye bucha kwa 51,000. Sikumsindikiza hadi langoni. Nilijifanya nahesabu noti.

Jumapili

Niko nyumbani. Jana jioni, kabla ya kuoga, nilipitia ufukweni kumwona binamu yangu anayeendesha farasi wa watalii. Ana wawili, huwafungia ndani jua likizama na kuwawekea chandarua dirishani kwa ajili ya visubi, halafu huwatoa asubuhi. Nikamwambia habari ya Sultani, na kwamba hiyo chandarua ingemfaa mwaka 1991. Alinipandisha mmoja, jike mwekundu, tukaenda hatua chache majini. Ni mrefu. Huko juu nilijihisi mtu mkubwa. Nilimuuliza kama amewahi kubeba mtungi. Binamu akadhani naumwa.

Baba amepiga simu asubuhi. Nikamsomea mauzo, nikamweleza ya Jivu, na kwamba kosa ni langu. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama Karai alikula kule Samburu, kama yule mama ana kivuli kweli au aliazima, na kama Bi Shughuli aliogopa treni.

"Hakusogea."

"Enhe."

"Baba, ile hesabu niliyokutumia uliisoma?"

"Niliisoma. Daftari limejaa. Utaniletea jipya, la kurasa 200."

Nikataka kuuliza la nini, mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Nimefua soksi zote nne. Nilipokuwa nakausha miguu nimekuta kupe nyuma ya goti la kushoto, mdogo wa kahawia, ameshajaa. Mume wangu ameleta mafuta ya taa kwenye kifuniko cha soda, na amekataa kushika kibano.

Nimemtoa mwenyewe.